Mto wa Sufi Chini ya Goti

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe kwa vinywa vyenu, na leo asifiwe kwa goti langu la kushoto, maana nimepanda ngazi tatu za madhabahu hii bila kushikwa mkono na nyote mmeniona. Mama mchungaji alininyooshea mkono nikaukataa. Anisamehe, haikuwa jeuri. Kuna wakati mtu akikusaidia anakumaliza, na hilo ndilo lililonisimamisha hapa.

Mnanijua. Mimi ni Mama Elia, fundi cherehani wa hapa hapa Mapinga. Sare za kwaya mlizovaa nimezishona mimi, na viuno vya magauni ya nusu ya akina mama waliomo humu ninavipanua mimi kila Krismasi, na siri zenu nimezitunza. Leo natoa yangu. Najua mlisikia kwamba nyumbani kwangu kuna kitu. Wengine mlikuja kunijulia hali mara moja, mkakaa ukingoni mwa kiti, mkaondoka kabla chai haijapoa, na hamkurudi. Sina kinyongo. Ningekuwa ninyi na mimi nisingerudi.

Ndugu zangu, cherehani yangu ni ile ya kukanyaga kwa mguu. Nimeikanyaga tangu nikiwa msichana, na goti la kushoto ndilo lililobeba kazi. Likaanza kulia kama bawaba ya mlango. Baadaye likavimba, halafu likapinda kwa ndani, nikawa natembea nimeegemea ukuta kama mlevi. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Nililificha chini ya madera miaka mingi, mpaka siku moja nikaanguka mbele ya bibi harusi niliyekuwa nampima. Mwanangu Elia akanipeleka hospitali Dar es Salaam, wakalitoa goti langu la kuzaliwa wakaniwekea la chuma. Upasuaji ulikwenda salama. Mwenyezi Mungu aliwashika mikono madaktari wale, nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani tatizo lilitoka kwao.

Tatizo lilikuwa mimi.

Hospitali kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mnene mchangamfu, mzaliwa wa Saadani, aitwaye Dada Hadija. Huyo hana huruma ya usoni, huruma yake ameificha mbali. Siku ya pili tu baada ya kupasuliwa akanisimamisha. Akanifundisha mazoezi. Kuchezesha nyayo, mbele na nyuma. Kulikandamiza goti kitandani mpaka paja likaze. Na lile kubwa lenyewe, kulala chali na kukivuta kisigino taratibu kuelekea makalioni, goti likunjike, kisha kulinyoosha tena. Mara kumi asubuhi, mara kumi mchana, mara kumi jioni. Akasema goti jipya ni kama udongo wa mfinyanzi, usipolifinyanga mapema litakaukia katika umbo utakaloliacha nalo.

Halafu akanipa katazo moja, na alilirudia mpaka likanikera. Nisiweke mto chini ya goti. Alisema nitatamani, maana ukiweka mto maumivu yanatulia na unajisikia umebebwa. Lakini goti linazoea kukaa limejikunja nusu, halinyooki tena wala halikunjiki zaidi. Nikamwambia nimesikia. Akaniuliza mbona nimegeuza uso. Nikasema ni dawa tu, zinanilegeza.

Nikarudi nyumbani. Kwa kuwa chumba changu kiko mbali na choo, mkwe wangu Zawadi alinitandikia chumba cha uani. Ndicho chumba alichokuwa akilala mama yangu mzazi, na ndicho alichofia, miaka saba iliyopita. Kitanda ni kile kile cha mninga, kabati ni lile lile. Hakuna aliyefikiria vibaya, kilikuwa chumba kilicho karibu na choo, basi.

Na ninyi mnajua mgonjwa wetu wa pwani anavyolelewa. Mgonjwa hasumbuliwi. Mgonjwa akitaka kuinuka, watu watatu wanamrudisha alale. Mlikuja na uji, mlikuja na ndizi, mkaniona nahangaika na kisigino changu nikitoa jasho, mkaniambia, "Mama Elia, jionee huruma jamani, ndiyo kwanza umetoka kupasuliwa." Nami nilifurahi kuonewa huruma. Nilikuwa nasubiri mgeni aingie ili nipate sababu ya kuacha.

Lakini hata nilipokuwa peke yangu kulikuwa na jambo, na hili sikulisema kwa yeyote. Nilikuwa nahesabu: moja, mbili, tatu. Nafika saba, nafika nane. Nikifika tisa, nasimama. Sisemi nachoka. Nasema nasimama, kama mtu aliyekuta mlango umefungwa. Asubuhi tisa, mchana tisa, jioni tisa. Ya kumi haikuwahi kutoka kinywani mwangu. Siku zikapita, tisa zikawa tano, tano zikawa mbili, na mwisho nikawa nalala tu na kutazama dari.

Basi ikaja siku ya kwanza. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, saa ile ambayo hapa kwetu barabara yenyewe inakuwa kimya na kila mtu amejificha ndani. Nilikuwa nimesinzia baada ya kula. Nikazinduka kwa kujisikia vizuri kupita kiasi. Mguu haukuuma hata kidogo. Nikainua shuka kutazama, nikaona mto chini ya goti langu.

Haukuwa mto wa kitanda changu. Ulikuwa mto wa sufi, mdogo, mzito kama ilivyo mito ya sufi ya zamani, wenye foronya ya kijani iliyofifia. Nikauona mshono wa pembeni, nikautambua. Fundi hausahau mshono wake. Foronya ile niliishona mimi, na mto ule nilikuwa nimemshonea mama yangu. Tangu tulipomzika sikuwa nimeuona tena. Nilijua uko kwenye sanduku la bati lililokuwa mle chumbani, chini ya kabati, pamoja na kanga zake.

Nikamwita Zawadi. Nikamwuliza kwa upole nani kaniwekea mto. Akasema hajui, yeye alikuwa nje anaanika nguo. Nikadhani anaona haya kwa kuwa anajua mto umekatazwa. Nikamwambia aurudishe sandukuni, akaurudisha mbele ya macho yangu.

Kesho yake, saa ile ile, nikazinduka nikaukuta chini ya goti.

Siku ya tatu nikajitahidi nisilale. Nikakaza macho, nikaimba nyimbo zote ninazozijua na nyingine nisizozijua. Lakini joto la saa saba lina mikono. Nikapitiwa, na katikati ya kupitiwa nikasikia mtu anahesabu. Taratibu, kwa sauti ya chini, sauti ya mwanamke. Moja. Mbili. Tatu. Haikutoka mlangoni wala dirishani. Ilikuwa karibu mno, kama imo ndani ya mto niliolalia. Ikahesabu mpaka tisa ikanyamaza. Ndugu zangu, nimesikia kelele nyingi za kutisha maishani mwangu, lakini sijasikia kitu cha kutisha kama ule ukimya baada ya tisa. Kuku uani walinyamaza. Nikawa naisubiri kumi, naiogopa na naitaka. Haikuja. Nilipofumbua macho nilikuwa peke yangu, jua limeingia mpaka katikati ya chumba, na mto uko mahali pake.

Jirani yangu Bi Mwanahawa alikuja jioni. Mnamjua, tumeishi ukuta kwa ukuta miaka mingi, akichinja napata nyama na nikioka anapata mkate. Nikamweleza. Akaniambia, "Shoga, jua la utosi si saa ya kulala peke yako kwenye chumba alichofia mtu. Na huyo anayekuja hana hasira. Anakutunza. Hapo ndipo pa kuogopa." Nikamwambia mimi nimeokoka, simwogopi mzimu. Akasema vizuri, lakini mbona nimeishika kanga yake asiondoke?

Nikaomba. Mzee wa kanisa alikuja akaomba, akapaka mafuta kizingiti na dirisha. Mto ukaja.

Zikafika siku za kliniki. Dada Hadija akaniweka kitandani, akaweka mkono wake chini ya goti langu, ukapita wote bila kugusa, maana goti lilikuwa limeinuka juu kama daraja. Akajaribu kulinyoosha, likakataa. Akajaribu kulikunja, likakataa. Hakunigombeza kama nilivyotarajia. Aliuondoa mkono, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, nani anakuwekea mto?"

Nikasema hakuna. Akaniambia goti halijui kusema uongo, ndiyo maana anazungumza nalo zaidi kuliko na mwenye goti. Daktari naye akaja, akasema ananipa wiki mbili. Nikirudi likiwa hivi hivi watanilaza kwa dawa ya usingizi walikunje kwa nguvu, na hata hivyo hawana uhakika. Kama haikusaidia, nitabaki na mguu wa kigingi, usiokunjika wala kunyooka. Nikafikiria cherehani yangu. Mtu mwenye mguu wa kigingi hakanyagi cherehani. Ningekaa kwenye kitanda kile cha mninga, nikiletewa uji, mpaka lini? Nilijua mpaka lini. Nilikwishaona.

Njia nzima kutoka Dar nililia bila sauti. Zawadi alikaa kando yangu ananishika mkono.

Tulipofika nyumbani nikachukua uamuzi. Nikamwambia Zawadi auchukue mto ule autupe juu ya kabati, nyuma kabisa, ambako mimi hata nikiwa mzima sifiki mpaka nisimame kwa vidole na kujinyoosha. Nikamwambia akitoka baada ya chakula cha mchana afunge mlango kwa ufunguo na ufunguo abaki nao. Dirisha lina nondo na nyavu. Fremu yangu ya kutembelea, ile yenye miguu minne, nikamwambia aiweke mbali ukutani. Nikasema, sasa tuone.

Nikalala. Nikasikia moja, mbili, tatu. Nikasikia tisa. Nilipozinduka, mlango ulikuwa umefungwa vile vile, fremu iko ukutani, na mto wa mama yangu uko chini ya goti langu, umenyooshwa vizuri kama kitanda cha hospitali.

Sikupiga kelele. Nilikuwa nimepita mahali pa kupiga kelele. Nikauondoa mto kwa mikono yangu, na nikaona jambo dogo ambalo sikulitilia maanani wakati ule: vidole vyangu vilikuwa na vumbi. Vumbi jeusi la juu ya kabati. Nikajifuta kwenye shuka, nikaendelea kuogopa.

Siku iliyofuata Zawadi hakuniambia chochote. Alinilisha, akaurudisha mto juu ya kabati, akafunga mlango, na badala ya kwenda zake akazunguka nyuma ya nyumba akasimama nje ya dirisha, juani, kichwa amekifunika kanga. Msichana yule nilikuwa namwona mpole mno, siku zote nilimwambia Elia kaoa kondoo. Mungu anisamehe. Kondoo gani anasimama peke yake saa saba mchana kumsubiri mzimu?

Nilipozinduka, mto ulikuwa umerudi, na Zawadi alikuwa amekaa chini, mgongo ameuegemeza mlangoni, uso umempauka.

"Mama," akasema, "anayeweka mto nimemwona."

Nikamwuliza ni nani. Alikuwa ananitazama nyayo.

"Ni wewe."

Ndugu zangu, nilimwangalia mkwe wangu nikadhani joto limemvuruga. Akaniambia nizitazame nyayo zangu. Nikazitazama. Yeye mwenyewe alinisafisha miguu asubuhi ile akaniweka kitandani, na sasa nyayo zilikuwa nyeusi kwa vumbi la sakafu. Akaniambia niliinuka kitandani macho yakiwa wazi lakini hayaoni, kwa maana nilitazama dirishani moja kwa moja na sikumwona. Fremu sikuigusa. Nilitembea hadi kabatini, mguu mmoja baada ya mwingine, nikasimama kwa vidole vya miguu na nikajinyoosha mwili mzima mpaka nikaufikia mto. Goti lilinyooka, akasema. Alilitazama kwa makusudi. Kisha nikarudi, nikakaa ukingoni mwa kitanda, na likakunjika kama la mtu yeyote.

"Na ulikuwa unahesabu, mama. Ulipofika tisa ukasema, 'Basi mama, pumzika.' Halafu ukajiwekea mto pole pole, kama unamwekea mtu mwingine."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi fundi wa nguo sikukiona.

Nikaogopa upya, na si kwa sababu nilikuwa nimetembea usingizini. Niliogopa maneno yale. Basi mama, pumzika. Zawadi hakuyajua. Alikuwa hajaolewa katika nyumba hii. Elia hakuyajua. Yalisemwa mara moja tu, mle chumbani, na waliokuwamo ni watu wawili, na mmoja wao yuko makaburini.

Sasa hapa ndipo penye ungamo langu, na naomba mniache niliseme lote.

Mama yangu alianguka bafuni akavunjika nyonga. Wakamfanyia upasuaji, wakamwekea chuma, wakamrudisha nyumbani mikononi mwangu. Waliniagiza yale yale: mwinue, mkalishe, mvute kisigino mara kumi, kutwa mara tatu. Siku ya kwanza nikahesabu mpaka kumi. Siku ya pili, kumi. Siku ya tatu mama yangu alikuwa na maumivu makali. Nikamhesabia huku analia. Alipofika tisa akaniambia, "Mwanangu, unaniua." Nami moyo ukanikatika. Nikauachia mguu wake, nikasema, "Basi mama, pumzika." Nikachukua mto niliomshonea, nikauweka chini ya goti lake. Akatabasamu. Akalala.

Na watu wakanisifu! Walisema Mama Elia anampenda mama yake, hataki hata apate uchungu. Wengine mmo humu humu ndani. Nikayanywa maneno yale kama maziwa, na kesho yake sikumgusa. Wala kesho kutwa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini hawakusema anayemchelea mama yake.

Baada ya siku nyingi mama aliniuliza, akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Mbona hatuhesabu tena?" Nikamwambia tutahesabu kesho. Hakuuliza mara ya pili. Goti likakauka na mto ule ule. Mgongo ukaota vidonda, kifua kikajaa. Alipokufa, tulipomweka kwenye jeneza, mguu ulikataa kunyooka, ikabidi tumlaze ubavu. Watu wakasema ni uzee. Mimi nikaukunja mto, nikaufungia sandukuni, na tangu siku ile neno kumi likatoweka kinywani mwangu bila mimi kujua.

Nilimweleza Zawadi yote hayo mle chumbani. Nililia kama sijalia msibani. Nikategemea atasema, "Pole mama, hukukusudia." Angesema hivyo ningekufa, nawaambia kweli. Ingekuwa mto mwingine. Lakini aliniachia nilie mpaka nikaisha. Halafu akasema, "Tuombe, kisha tuhesabu."

Tukaomba. Sala yangu ilikuwa fupi, wala haikuwa na maneno ya madhabahuni. Nikasema, Bwana Yesu, nilimwonea mama yangu huruma ya uongo kwa sababu kilio chake kilinisumbua mimi. Nisamehe. Mwambie anisamehe. Na unipe ya kumi.

Nikalala chali. Zawadi akaivua ile foronya ya kijani, akaufumua mshono ikawa kitambaa kirefu, akaipitisha chini ya unyayo wangu kama mshipi, akanipa ncha mbili nishike nivute. Hivyo ndivyo Dada Hadija alivyotufundisha, kwa kanga au kitambaa chochote kirefu. Nikavuta. Moja. Goti likalia ndani kama kuni mbichi. Mbili. Ndugu zangu, mimi nimezaa watoto wanne, najua uchungu. Huu ulikuwa na meno. Tano nikauma mdomo. Saba nikaona giza. Nane Zawadi alikuwa analia lakini hakunishika, alikaza mikono yake mapajani, na namheshimu kwa hilo mpaka naingia kaburini. Tisa.

Nikafika kwenye ule mlango uliofungwa. Chumba kikanyamaza. Ilikuwa saa saba na kitu, kuku wamenyamaza, jua liko katikati ya sakafu. Nikaisikia ile hofu inakuja kutoka miguuni. Ulimi ukawa mzito, sikuweza kusema neno lile. Lakini mikono yangu ikavuta. Nilivuta, kisigino kikaja, goti likakunjika na kupita pale lilipokuwa likigoma, na nikasikia kumi.

Nikasikia, ndugu zangu. Kumi, kwa sauti ya utulivu, sauti ya mtu aliyengoja muda mrefu.

Nikamshukuru Zawadi kwa kunisaidia kuimalizia. Akanitazama.

"Mimi sikusema kitu, mama. Nilidhani ni wewe."

Tukakaa pale. Hakuna aliyekimbia. Baada ya muda tukasikia kuku wameanza tena uani, na Bi Mwanahawa upande wa pili wa ukuta anamwita mjukuu wake.

Nilipomweleza mchungaji, aliniambia nishukuru na nisichimbe. Basi sichimbi. Najua tu kwamba tangu siku ile sijahesabiwa na mtu usingizini. Mto wenyewe niliupasua nikitarajia kukuta kitu ndani, nywele, hirizi, sijui nini. Nilikuta sufi, na mbegu zake chache. Zawadi aliimwaga uani ikapeperuka yote.

Kumi zikawa kumi mara tatu kila siku. Wiki ya pili nilikaa kwenye cherehani, bila nyuzi, nikakanyaga tu kwa mguu huu wa chuma, mbele na nyuma, ikazunguka patupu huku nacheka peke yangu kama kichaa. Nikarudi kliniki. Dada Hadija akapitisha mkono wake chini ya goti, haukupita. Akaniambia nikunje, nikakunja mpaka likafika kama la mtu aliyekaa kitini, na kuzidi kidogo. Akaliuliza goti langu nani kauondoa mto. Nikamjibu mimi, kabla goti halijasema. Daktari akasema hakuna haja ya kunilaza. Haleluya!

Ndugu zangu, nimemaliza, ila sijashuka. Katika benchi hizi kuna mtu ana mgonjwa nyumbani. Kavunjika, kapasuliwa, kapigwa na kiharusi. Ameagizwa mazoezi, nawe unampenda, na alipolia ulimwambia basi, pumzika. Na watu wanakusifu. Sikuhukumu, mimi ni dada yako katika hilo. Lakini nenda nyumbani leo utazame chini ya goti lake.

Kisha mtumaini Mungu ambaye hakuona haya kuniumiza ili aniponye. Na kama unaogopa kuwa peke yako na kile kilio, niite. Foronya ile nimeishona upya, nimeikunja mara nne, imekuwa mshipi imara, iko hapa mkobani. Nitakuja nayo saa yoyote, hata saa saba mchana. Nitakaa kando ya kitanda, tutahesabu pamoja, na tukifika tisa mtanisamehe sana, maana sitanyamaza.